Madirisha Mawili

Nish, mwezi wa saba. Joto limekaa juu ya mji
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikafungua dirisha la barabarani,
nikafungua na la uani,
nikasimama katikati, mikono juu, kwapa wazi,
nikingoja hewa inipite.

Bibi Radoyka alitoka jikoni mbio,
mwiko mkononi unadondosha rojo la pilipili hoho,
akafunga la kwanza, akafunga la pili,
akanitazama kama aliyekuta mtoto anachezea kisu.
"Promaya!" akasema. Mara moja tu,
vile kwetu mtu asemavyo "Nyoka!"

Basi nikalijua neno hilo kabla sijalijua la mkate:
upepo uingiao huku ukatokea kule.
Dirisha moja likiwa wazi, hauna neno.
Yakiwa mawili, unaua.
Ndio uliompinda shingo wifi yake, Dobrila,
ndio uliomng'oa jino kondakta wa basi namba sita,
ndio uliomchukua mumewe, Svetozar
(aliyevuta paketi mbili kwa siku,
lakini hilo halikutajwa).

Nami, hebu nicheke mwenyewe,
nilivuka bara zima kuja kusomea
mitambo ya kupitisha hewa majumbani.
Mchana tunachora: tundu la kuingilia, tundu la kutokea.
Jioni narudi kwenye chumba kilichozibwa kama kopo la samaki.
Nikamuuliza profesa. Akakohoa.
"Hesabu ni hesabu," akasema,
kisha akainuka, akafunga dirisha lililokuwa nyuma yake.

Nilicheka wiki tatu.

Hadi usiku mmoja, saa nne, unga umemwagika,
Bibi Radoyka akashika fagio.
Nami, mtu wa hesabu,
nikajikuta nimeruka, nimelikamata kwa mikono miwili:
"Usiku hatufagii!"
"Kwa nini?"
Nikafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mama:
unafagia riziki, unaitupa nje.
"Riziki gani?" akauliza, akilitazama jiko lake,
friji ya tangu enzi za Yugoslavia,
deni la umeme limebanwa mlangoni pake kwa sumaku.
"Hiyohiyo kidogo," nikasema.
Akafikiri. Akaliegemeza fagio ukutani.
Unga ukalala pale mpaka asubuhi,
mweupe, na nyayo za paka wake katikati.

Tangu hapo tukaishi kwa sheria za nchi mbili.
Homa iliponikamata, alinivalisha soksi
alizozilowesha rakija, pombe inayoweza kuwasha jiko.
Nililala nikinuka kama kilabu,
nikimwomba marehemu baba asipite ndotoni usiku huo.
Nikapona.
Sisemi nilipona kwa nini.

Siku ya kuondoka nilishafika getini, sanduku mkononi,
nikasikia maji, pwaa! visiginoni.
Damu ikanipanda. Kwetu maji hurushiwa paka mwizi.
Mwaka mzima, na kodi sikuichelewesha hata siku moja!
Nikageuka. Amesimama kizingitini, jagi tupu mkononi,
analia, na papo hapo anaucheka uso wangu.
"Nenda! Safari ikuteleze kama maji.
Wala usirudi nyuma, hata kama umesahau kitu!"

Nilikuwa nimesahau koti.
Sikurudi.

Sasa nimo kwenye treni ya Belgradi,
suruali imelowa mpaka kwenye ndama za miguu.
Watalii wawili, wekundu kwa joto, wamefungua dirisha huku,
na sasa mmoja anavuka kulifungua la kule.
Mabibi wanakaza mitandio. Hakuna asemaye.
Naisikia shingo yangu.
Naihesabu hewa, kasi yake, kipenyo chake, kutokuwa na kosa kwake,
kisha nasimama.
"Samahani," nasema kwa Kiserbia changu cha kuchechemea,
"moja tu. Tafadhali, moja."

Na behewa zima linaitikia kwa kichwa,
kama ukoo uliokwisha kumpokea mkwe.