Ankara ya Fundi Eivind

Taa sita za dari, kroni elfu tatu.
Waya mpya, maana wa zamani panya walishauonja.
Saa tano za kazi. Na ile ya sita,
aliyokaa akinywa kahawa yangu, nayo kaiandika!

Nimelipa. Hapa Trondheim, Desemba,
saa tisa ya mchana jua limeshajiendea,
nawe huna ubavu wa kuvutana bei na giza.

Mstari wa mwisho ndio ulionikalisha chini:
*Swichi ya mlangoni, imeachwa. Bure.*

Nilimwomba tu asiing'oe.
Imelika pale kidole gumba cha Halvard
kilipopapasa miaka thelathini na moja,
akitoka zamu ya usiku, viatu mkononi.

Haiwashi kitu.
Naibonyeza kabla ya kulala.
Haili umeme.