Bahasha ya Kumi na Tisa

Mwaka huu kisiwa chetu kimejipa tamasha la filamu.
Dominika, jina la siku ya Bwana,
milima tele, sinema hata moja;
ile ya Portsmouth ilifungwa kabla sijaota meno,
leo ni ghala la saruji.
Mimi ni wa maktaba. Nilipewa muhuri na kazi:
kupokea miswada ya shindano, kuipa nambari,
na kufunga mlango Ijumaa saa kumi kamili.

Wakaja. Kumbe watu wanaandika!
Afisa wa forodha kaleta mapenzi ndani ya nyambizi.
Mapacha wa Mama Seraphin wakaleta maiti wanaotembea,
kumi na wawili, wote binamu zao.
Mchungaji kaleta Nuhu, kurasa mia tatu;
nikamwambia kanuni ni kumi,
akasema gharika haifupishiki.

Ya kumi na tisa ilinuka gundi ya maboksi ya ndizi.
Verlyn Darroux, mpakizi,
mwandiko wa penseli, mistari imelala
kama miwa iliyopitiwa na upepo.
Jina: Paa.

Hadithi yenyewe ni hii, wala haijifichi.
Kimbunga kinabeba mabati ya mwanamke.
Asubuhi anayaona, manne, ng'ambo ya ua;
jirani ameshayapigilia juu ya jiko lake.
Mwanamke anasema, Habari za asubuhi.
Jirani anasema, Njema, tumshukuru Mungu.
Miaka saba inapita hivyo. Habari. Njema.
Mvua ikinyesha mwanamke hulala macho,
akisikiliza bati lake likiimba kwa mwenzie.
Mwisho.

Nilisoma mara mbili, nikagonga muhuri polepole,
maana jirani nilimjua.
Nani asiyemjua Hesketh Laronde?
Ndiye aliyetukodishia viti mia na ishirini vya tamasha.

Majaji watatu wakashuka na kindege cha pangaboi,
wakala shelisheli la kuchoma, wakasifu mandhari.
Kuhusu Paa waliandika:
Mgogoro haupandi. Mhusika hatendi.
Tuzo ikaenda kwa nyambizi.

Lakini usiku wa kufunga, uwanja wa kriketi,
filamu ya mgeni rasmi ikiwa dakika ya sita,
mvua ikateremka mlimani bila hodi.
Projekta ikakohoa, ikafa.
Tukabanana chini ya paa la jukwaa,
hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.
Mapacha wakapaza sauti, Someni kitu!
Nami mkobani nilikuwa na bahasha moja tu.
Kwa nini hiyo?
Msiniulize.

Nikasoma kwa tochi ya simu.
Juu yetu mabati yalipigwa, yakanisaidia;
nilipofika kwenye bati linaloimba
sikuhitaji kuongeza chumvi.
Hakuna aliyepiga makofi.
Verlyn alikuwa akitazama viatu vyake.
Laronde alikuwa akihesabu viti vyake,
akavihesabu tena,
akavihesabu tena.

Kulipokucha, mabati manne yameegemea ua wa Verlyn,
mapya, mekundu, bei ya duka bado imebandikwa.

Jumatatu akanikuta kabla sijafungua dirisha.
Nilidhani amekuja kucheka, au kulia, au kunitukana;
nilistahili lolote.
Akaweka penseli mezani.
"Yangu yalikuwa ya kijani," akasema.
"Haya sasa ya nani? Na asubuhi nimsalimu vipi?
Nipe bahasha yangu. Mwisho umeharibika."

Nikamwonyesha kanuni ukutani:
mlango ulifungwa Ijumaa, saa kumi.
Akaisoma yote, mpaka sahihi ya waziri.
Kisha akavuta kiti, kimoja cha Laronde
ambacho hakijarudishwa bado,
akaketi, akaanza kuchonga penseli.