Lugha Ninayoielewa

Barua ilikuwa na mistari minne na mhuri.
Nililitambua jina langu, Syombua Kilonzo,
na tarehe, na nambari ya kadi.
Mengine yalikuwa Kiingereza cha koti na tai.
Bi Murugi wa ofisi ya wafanyakazi hakuinua macho.
Langoni, Barasa, ambaye juzi tu tulimega muhogo mmoja,
akanipekua mfuko, akatoa kijiko changu,
akakigeuza, akakirudisha.

Binti yangu ndiye aliyenisomea, nyumbani Kariobangi,
sufuria ikitokota:
"Ulitoroka kazi siku kumi na moja."
Akanitazama kama anayetaka kuuliza
nilikuwa nikienda wapi.

Miaka tisa nimefunga mishumaa Baba Dogo.
Nta ya moto hulamba, haina haraka.
Imelamba mistari ya vidole vyangu
hadi vikawa laini kama kokoto za mtoni.
Ile mashine mpya ya langoni, ya kubonyeza kidole,
kila alfajiri iliniwashia taa nyekundu,
na Barasa: "Mama Mwikali, tia sahihi hapa, foleni ndefu,"
kwenye kile kitabu chenye jalada la bluu.

Mashine haikuniona. Basi sikuwepo.

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, Barabara ya Jogoo,
wakili wa chama, kijana, soli moja ya kiatu imebanduka,
alifungua sheria kwenye kifungu cha arobaini na moja
akanifasiria polepole, kidole kikifuata:
kabla ya kumfuta kazi, mwajiri atamweleza mfanyakazi sababu
katika lugha anayoielewa,
na mwenzake, atakayemchagua mwenyewe, awepo asikie.
"Rudia hapo," nikamwambia.
Akarudia.
"Tena."

Sikulia kwa ajili ya mshahara.
(Ingawa mshahara nautaka: wa mwezi wa notisi,
na likizo zangu, na fidia, hata ikifika miezi kumi na miwili,
na cheti cha kusema nilitumika pale, kisichoniita mtoro.)
Nililia kwa kuwa mtu fulani, sijui nani, sijui lini,
aliketi akaandika sheria, akakumbuka
kwamba mimi nina lugha.

Laiti wangeniuliza! Dakika moja.
Ningefungua viganja juu ya meza ya Bi Murugi, basi.

Kesi imetajwa mara tatu Milimani.
Mara ya kwanza wakili wao hakuja.
Ya pili faili haikuonekana.
Ya tatu tukapewa tarehe ya Novemba.
Kitabu cha bluu, wanasema, kililowa maji, kikatupwa.

Jana usiku mlango ulibishwa.
Barasa, bila sare; sikujua ana mvi.
Chai alikataa. Aliketi ukingoni mwa kiti
akatoa simu yenye kioo kilichopasuka:
kurasa kumi na moja, picha,
kila moja na kidole gumba chake pembeni
na sahihi yangu, ile S inayolala chali.

"Watakufuta," nikamwambia.
"Najua."
Akaizungusha simu mkononi, akaizungusha tena.
Kisha akauliza, chini chini, asije akamwamsha mtoto,
kile kifungu kinasemaje.
Nikamwambia, kwa moyo, neno kwa neno.
Akaomba nirudie.