Balbu Tisa

Tassia, ghorofa ya nne.
Mama yuko zamu ya usiku kiwandani,
atarudi alfajiri na nyusi nyeupe kwa unga.
Sisi wawili tuko chini ya blanketi moja,
simu imeegemea kopo la majani ya chai,
na ufa wa kioo unampasua kila mtu kichwa.

Ni katuni ya Kijapani. Wanaongea kama mvua juu ya mabati,
na maandishi ya chini ni madogo mno kwa macho ya Kemunto,
aliyeshinda akishona kola za sare za shule.
Basi mkalimani ni mimi.
Mimi ndiye msichana mwenye nywele za samawati
(tumembatiza Nyanchera),
mimi ndiye mvulana wa dirishani asiyejua kwamba anapendwa,
mimi ndiye mwalimu, paka, kengele.

Kila kipindi Nyanchera hufungua kinywa aseme,
na kila kipindi kitu hupita:
treni, kunguru, mpira wa tenisi, chafya.
"Sema basi!" Kemunto huifokea simu. "Una jipu ulimini?"
Tazama anayesema.
Dada yangu huyu, tangu Februari,
amenunua balbu tisa kwa Kyengo wa duka la umeme hapo chini,
na nyumba yetu ina taa mbili.

Tisa. Nilizihesabu kabatini, nyuma ya sufuria ya wageni,
zimetulia ndani ya maboksi
kama mayai ya kuku aliyesahau kuatamia.

Nikaona nimepata mchezo.
Mvulana wa dirishani alipomnyooshea Nyanchera mkono, nilitafsiri:
"Karibu, mteja. Ya wati ngapi leo?"
Nyanchera alipolia chini ya maua, nilitafsiri:
"Na risiti, tafadhali."
Kemunto akanitwanga kwa mto. Nilicheka hadi kwikwi.
Kesho yake nikawasimulia wenzangu kwenye foleni ya maji,
na jioni mtu akaita kutoka ngazini: "Bi Balbu!"

Usiku huo hakunipiga na mto.
Alikula, akaosha sahani yake, yangu akaiacha.
Sahani moja ndani ya karai.
Sijui kama umewahi kuitazama.

Wiki mbili hatukuwasha.

Kisha mimi mwenyewe nikaisimamisha simu kwenye kopo.
Kipindi cha kumi na moja. Mdogo wake Nyanchera,
yule mnene ambaye vipindi kumi alikuwa akila na kucheka tu,
amesimama mlangoni na viatu vya dada yake mkononi,
amevipangusa. Anasema kitu.
"Anasemaje?" Kemunto aliuliza, uso ukutani.
Nikameza mate.
"Anasema, nilikucheka kwa kuwa naogopa
siku utakayoondoka, nitakula na nani."
Kimya. Jirani akavuta kiti.
"Ndivyo ilivyoandikwa?"
"Ndivyo."
Ilikuwa imeandikwa: Viatu vyako hivi hapa.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu saa kumi.
Niliuficha mwavuli chini ya godoro la mama.
Kemunto aliutafuta, akaacha kuutafuta,
akanitazama kwa muda ambao ungetosha kutia uzi kwenye sindano,
akashuka bila mwavuli.

Kutoka roshani, katikati ya nguo zisizokauka, nilimwona.
Kyengo, kwa mazoea, aliinua mkono kwenye rafu ya balbu.
Dada akatikisa kichwa.
Leo hanunui kitu.
Akafungua kinywa,
na mkokoteni wa mitungi ukapita ukipiga kelele,
akafunga, akafungua,
mimi nimeshika chuma cha roshani, nasema kimoyomoyo sema, sema basi,
na stima ikapotea mtaa mzima.

Sikuona kitu.
Nilisikia kicheko cha watu wawili,
na mmoja wao namjua tangu nizaliwe.

Nikaingia ndani kuosha sahani,
yake na yangu, gizani, kwa kupapasa.