Bikoni ya Kumi na Saba

Mimi ndiye niliyebeba.
Mpima alikuwa na mashine ya miguu mitatu,
kofia, na chupa ya maji ya baridi;
mimi nilikuwa na sururu, ndoo ya zege
na nondo begani, zikinichoma
kwa jua la saa saba, kando ya barabara ya Singida.
Elfu kumi na mbili kwa siku, na chai.

Tulianzia kwenye mgunga wenye mzinga wa marehemu Mlewa,
tukashuka na korongo,
bikoni ya kwanza, ya pili, ya tisa.
Udongo ulikuwa laini, mvua ya Machi haijauaga.
"Kushoto kidogo," anasema mpima. "Kidogo tena. Hapo."
Nami napiga sururu hapo.

Ya kumi na saba iliangukia uwanja wa kupuria.
Nilijua kabla sijainua macho:
udongo uliosilibwa kwa samadi, mgumu kama kigae.
Sururu ikadunda.
Miaka ishirini shangazi Perisi amepuria uwele hapo,
nami mdogo, na kopo langu, nafukuza kwelea kwelea.
"Mbona umesimama?"
Nikasema zege limeanza kushika.

Alikuwa mlangoni pa tembe, ungo pajani,
tembe lisilo na msumari hata mmoja.
"Mbukwa, Yaredi."
Hakuuliza fidia. Fidia alishaitia dole gumba
ofisi ya mtendaji, mwezi wa pili; shahidi ni mimi.
Aliuliza:
"Hapa watatengeneza nini?"

Nikamtazama mpima. Mpima akaitazama ramani.
Kitalu namba 44, eka nane,
matumizi: viwanda vya kati.
"Vya kati," nikamwambia.
"Kati ya nini na nini?"

Hakuwa anabisha. Msinielewe vibaya,
najua mnampenda bibi anayelala mbele ya katapila.
Shangazi alikitaka kiwanda. Ana wajukuu wanne
wenye vyeti vya kidato cha nne ndani ya mfuko wa rambo;
mmoja anauza miwani stendi ya Nanenane, na hauzi.
Alitaka kujua tu.
"Uwele," akasema, "nikiutia ardhini
najua utatoka uwele.
Au hautatoka. Lakini hautatoka kitu kingine."

Greda lilipita Julai.
Barabara pana, mbuzi wanaivuka kwa awamu.
Nguzo za umeme zikasimama bila waya,
kisha zikapata waya usio na pa kwenda.
Bango: KARIBU MWEKEZAJI.
Upepo wa Agosti ukaing'oa M,
tukabaki tunamkaribisha sijui nani.

Mwaka ule kitalu 44 hakikupata mtu.
Desemba ikanyesha, na ndani ya uzio
yakaota maotea, kutoka punje zilizojificha
kwenye nyufa za ule uwanja.
Chilongani, mlinzi, akanipigia usiku:
"Njoo na shangazi yako. Msije na jembe, jembe linaonekana."
Ulipokomaa tuliukata kwa visu. Debe moja na nusu.
Perisi akakaa juu ya bikoni yangu kupumzika,
kisha akaifuta vumbi kwa kanga,
akapitisha kidole kwenye namba, taratibu,
kama anayesoma jina la mtu.

Sasa wamekuja.
Mashine zilishushwa juzi, zimefunikwa turubai.
Nafasi sitini, na foleni hii
niliifikia saa kumi na moja alfajiri nikaikuta imepinda.
Fomu gotini, kalamu ya kuazima.
Jina. Umri. Elimu.
Uzoefu wa kazi katika eneo hili:
nimeandika, nimefuta, nimeandika.

Nikampigia shangazi kwanza.
Anaishi Mkonze siku hizi, kwenye chumba cha fidia,
bati lake linapiga makofi upepo ukija.
"Ni misumari," nikamwambia. "Watatengeneza misumari."
Akanyamaza, nikadhani salio limekwisha.

"Inchi ngapi?" akauliza.