Vifungo vya Koti

Oldřich hapumui.
Anasoma skrini kwa kasi ya mtama ukimwagwa kwenye sinia,
na jirani yangu Květa, aliyepanda kuniletea supu ya kabichi,
anauliza: huyo anaumwa?
Anasoma tu, nasema. Nimempa jina
la mwalimu wangu wa jiografia hapa Ostrava,
aliyetaja mito yote ya Ulaya
bila kumeza mate.

Mchezo ulipofunguka, mtunzi alikuwa amechora ngome
kwa alama za kibodi.
Oldřich akaisoma yote: mstari wima, mkwaju, mkwaju,
kisha nyota nyota nyota, arobaini nilizihesabu.
Sijapata kuwa na usiku wenye nyota nyingi hivyo.

Nje theluji inaiziba ghorofa ya nane.
Masikioni mwangu:
Uko njia panda. Kaskazini kuna lango.
Mashariki kuna harufu ya mkate.

Basi, ndiyo hayo.
Hapana picha ya kuelezwa na mtu mwenye haraka,
hapana mshale wa kufukuzana nao mezani.
Neno limekuja lilivyo,
na wewe uonaye, sogea, benchi ni hili hili moja.

Nabonyeza k. Nabonyeza ingiza.
Mwezi mzima nimekuwa kiguu na njia
bila kutoka kitini.

Ramani yangu ni koti la marehemu Bohumír.
Kila chumba kifungo, kila njia uzi.
Kifungo cha pembe ni jikoni.
Cha shaba, ghala la panga.
Kile kilichopasuka ni kisima
nilichotumbukia mara nne.
Mlango uliofungwa una fundo;
nikipata ufunguo, nalikata kwa meno.
Mkono wa kushoto wote ni msitu, sijaumaliza.

Umeliharibu koti la watu, anasema Květa.
Halafu vidole vyake vinakawia.
Na hapa ni wapi?
Kwapani? Pango la majambazi.

Ndipo taa inapoisha mafuta. Taa ya mchezoni.
Oldřich anatangaza, bila huruma wala mzaha:
Ni giza totoro. Huoni chochote.
Ukitembea utaanguka.

Nacheka hadi chai inamwagikia kibodi.
Miaka thelathini na moja!
Nimemenya viazi, nimeshuka tramu kwenye barafu,
nimemvika mume wangu tai kwa safari yake ya mwisho,
na hakuna aliyeniandikia onyo.
Kijana huyu mwenye macho yake alidhani giza ni ukuta.
Kwangu ni sakafu. Nalikanyaga kila asubuhi
nikitafuta kandambili.

Naandika: papasa ukuta.
Neno "papasa" silijui.
Naandika: nusa.
Hunusi kitu.
Květa, ambaye hajawahi kugusa kompyuta,
ananong'ona kana kwamba majambazi watamsikia:
mwambie asikilize.

Sikiliza.

Oldřich anasita, au ni diski kuukuu.
Unasikia maji yakidondoka, upande wa magharibi.

Loo.
Kumbe aliwahi.
Siku moja, sijui wapi, umeme ulikatika
na kijana yule akakaa akanyamaza
hadi bomba la jikoni likaanza kumwambia kilipo kila kitu.
Nilimsema vibaya. Naomba radhi kwa njia pekee anayoijua:
naandika magharibi.

Matone yanakaribia. Chini ya kidole changu
uzi umefika kwenye pindo, na kopo la vifungo ni tupu.
Tumefika wapi? anauliza Květa. Tumefika, amesema.
Sijui, namjibu, pahala papya, hapana alama.

Nasikia mkasi.
Ananiwekea kitu kiganjani, kidogo, chenye matundu mawili,
bado kina joto la sweta.

Supu imeganda. Shika taratibu sindano hiyo, Květa,
mimi nitatia uzi.