Glavu za Kulia

Kiwandani hushona glavu mbili mbili,
hawana habari za baba.

Kwetu Saskatchewan, mlangoni pa ghala,
upo msumari wa inchi sita. Juu yake
zimetundikwa glavu za ngozi, kumi na moja,
zote za kulia, zote mpya,
hazijapata kushika hata koleo.

Mkono wenyewe ulikwenda mwaka wa kitani.
Mvua ilikuwa imenyesha, mabua yana utelezi na ukaidi,
yakajisokota kwenye rola, kombaini ikakwama
ikinguruma kama mtu aliyepaliwa.
Saa nne usiku. Ekari arobaini zimebaki.
Redio imetangaza theluji ya kesho kutwa.
Baba akashuka. Injini hakuizima:
kuizima na kuiwasha tena ni dakika tatu,
na usiku ule dakika tatu zilikuwa mali.
Akavuta bua moja tu.

Watu hudhani chuma hukuonya kwanza.
Hakionyi. Rola lile humeza mita nne
hujamaliza kusema "lo".
Na mkono haujui kuachia upesi hivyo;
tumeufundisha kushika
tangu ulipokuwa mchanga.

Maili sita kaskazini, Einar Tveit
hakuwa na wa kushoto. Mashine ya kufunga majani,
mwaka mwingine, haraka ileile.
Basi mama akinunua jozi duka la ushirika
hukata uzi katikati,
ya kushoto humpa Orest wake,
ya kulia huipeleka kwa Einar
pamoja na mtungi wa kabichi iliyochachushwa.
Bei waligawana, senti kwa senti.
Wazee wale wakikutana kanisani
walipiga kofi moja la ushirika,
kiganja cha huyu kwa kiganja cha yule,
wakacheka mpaka wake zao wakaona haya.

Einar alipozikwa, msumari ukaanza kujaa.

Msimu huu Taras ametimiza kumi na saba.
Jana jioni kombaini ilikwama kwenye kona ya bwawa.
Nikamwona kaka anashuka, injini inanguruma,
mikono ya koti imelegea, inapepea.
Nikapiga kelele. Nani asikie?

Baba alikuwa kwenye lori la nafaka.
Hakupiga kelele.
Alipanda ngazi kwa mkono wake mmoja,
akazungusha ufunguo, akautia mfukoni,
akashuka taratibu kama anayetoka kulala.
"Niambie mapema," akamwambia,
"unabakiza upi,
mama yako ajue atakununulia na nani."

Taras hakujibu. Alikuwa ameificha mikono yote miwili
makwapani, kama mtoto aliyeshikwa na baridi.
Na katika ukimya ule tulisikia ngano
ndani ya tangi, bado inadondoka,
punje, kisha punje,
kisha moja iliyochelewa.